Umetolewa uvimbe? Uliza kinyama kimeenda wapi

Hebu nikuulize swali ambalo pengine hujawahi kuulizwa. Ile siku ulitolewa kale kauvimbe mgongoni, ama ile nundu iliyokuwa nyuma ya sikio, kile kinyama kilichokatwa kilienda wapi?

Wengi wetu hatujui. Unalala kwenye kitanda cha kliniki, unadungwa sindano ya ganzi, unasikia mtu anavutavuta ngozi, kisha unashonwa nyuzi tatu nne na kuambiwa usiloweshe kidonda, urudi baada ya wiki moja. Unalipa, unapanda matatu, unaenda zako. Kinyama kinabaki nyuma, na mara nyingine kinaishia kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba na glavu.

Noma ni kwamba kinyama hicho ndicho kilikuwa na jibu. Daktari anaweza kukuangalia, akakubonyeza, akakwambia "haya ni mafuta tu", na mara nyingi sana atakuwa sahihi. Lakini mara nyingi si kila mara. Kuna uvimbe ambao jina lake halisomeki juu ya ngozi. Linasomeka ndani ya nyama, chini ya hadubini, na mtu ambaye labda hutawahi kukutana naye. Mtu huyo anaitwa mwanapatholojia. Wengi wakisikia neno hilo wanafikiria mochari na kesi za mauaji kwenye habari za saa moja. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake inahusu watu walio hai, watu kama wewe, wanaosubiri kuambiwa wanaugua nini.

Kabla hujaniuliza: mimi si daktari. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, na hata hakikuwa cha udaktari. Lakini mambo haya yanasomeka na yanaulizika, na ni afadhali tuyajue tukiwa wazima.

Tuanze na mtu unayemjua. Bob Marley alifariki Mei 11, 1981 mjini Miami akiwa na miaka 36. Mtaani bado utasikia ati aliuawa na jeraha la mpira. Ukweli ni kwamba mwaka wa 1977 alipatikana na melanoma, yaani saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu. Madaktari walitaka kidole kikatwe, akakataa, akafanyiwa upasuaji mdogo. Baadaye ugonjwa ukasambaa hadi kwenye mapafu na ubongo.

Sasa fikiria alama nyeusi chini ya ukucha wa mtu anayepiga soka kila wiki. Kwa macho, hiyo inaweza kuwa damu iliyovilia baada ya kukanyagwa uwanjani. Inaweza pia kuwa melanoma. Damu husogea mbele ukucha unavyokua, na baada ya miezi kadhaa hutoweka. Alama isiyosogea, inayopanuka, au inayomwaga weusi hadi kwenye ngozi iliyo kando ya ukucha inafaa kukatwa kipande kikapimwe. Na ile stori ya kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu, iache. Melanoma ya nyayo, viganja na kucha ndiyo inayowapata zaidi watu weusi wanaougua melanoma, na kisababishi chake si jua.

Keloidi ambayo si keloidi

Lakini melanoma angalau ina jina linalojulikana. Inayonipa wasiwasi zaidi ni ugonjwa ambao jina lake refu ni dematofibrosakoma protuberansi. Usijaribu kulitamka kwa haraka, hata madaktari wanaliita DFSP.

Ni saratani ya tishu laini zilizo ndani ya ngozi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Ufaransa, Darier na Ferrand, mwaka wa 1924. Ni adimu kweli kweli. Nchini Marekani, ambako huhesabiwa, huwapata karibu watu 4 kati ya kila milioni kwa mwaka, na Wamarekani weusi huipata zaidi kuliko weupe. Wengi wanaoipata wako kati ya miaka 20 na 50. Yaani ni rika letu, na la wazazi wetu wakiwa bado kazini.

Huanza kama bamba gumu kwenye ngozi, labda upana wa shilingi moja. Rangi yake inaweza kuwa kahawia, zambarau, au ile ile ya ngozi yako. Mara nyingi haliumi na wala haliwashi. Linakua polepole mno, miaka mitatu, mitano, kumi, kisha vinundu vinaanza kuota juu yake. Hupenda kifua, mgongo, mabega, tumbo na mapaja.

Sasa ona. Kijana Mwafrika ana kitu kigumu kinachong'aa kifuani. Kuanzia kwa kinyozi hadi kwa mama hadi kwa daktari mwenye foleni ya watu arobaini nje ya mlango, kila mtu atasema nini? Keloidi. Na si ujinga, kwa sababu keloidi tunazo kwa wingi na nyingi hukaa hapo hapo. Basi anachomwa sindano za kupunguza uvimbe. Zikishindwa, inakatwa juu juu. Inarudi. Na hapa ndipo mtego ulipo: keloidi nazo zina tabia ya kurudi zikikatwa. Kwa hiyo hata DFSP ikirudi, hakuna anayeshtuka. Mtu anaambiwa ana ngozi ya keloidi, avumilie.

Utazitofautishaje? Kwa kawaida keloidi huanzia kwenye jeraha: sikio lililotobolewa, chunusi, chanjo, wembe wa kinyozi, upasuaji. Nundu ngumu iliyoota mahali ambapo hukumbuki kuumia inafaa kukufanya uulize maswali. Lakini hata hiyo si sheria, kwa sababu DFSP imewahi kuota juu ya kovu. Ndiyo maana nasema macho hayatoshi.

Chini ya hadubini, hizo mbili hazifanani kabisa. Keloidi ni kamba nene za waridi za kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, zimelala ovyo kama tambi zilizomwagika, na seli chache kati yake. DFSP ni seli nyembamba nyingi, zenye ncha mbili kama pia ya kusokotea uzi, zimejipanga kwa kuzunguka kutoka katikati. Ukiwahi kuona mama wa Pwani akianza kusuka kawa, pale ukili unapojizungusha, umeuona mpangilio huo. Kisha seli hizo zinashuka chini na kupenya katikati ya mafuta, moja moja, hadi mafuta yanabaki na vishimo kama sega la asali. Hiyo mizizi ndiyo inayofanya irudi ikikatwa juu juu.

Halafu kuna kipimo cha pili. Wataalamu huchukua kingamwili zilizotengenezwa kutafuta protini moja tu, wanazimwaga juu ya kipande cha nyama, na pale zinaposhika panageuka rangi ya hudhurungi. Kwa DFSP hutafutwa protini inayoitwa CD34. Kwa kawaida uvimbe wote hugeuka hudhurungi. Keloidi haifanyi hivyo, wala kile kinundu kidogo kisicho na madhara kinachoitwa dematofibroma, ambacho nacho hufanana na DFSP ikiwa changa.

Ukitaka kuzama zaidi, kuna kosa lenyewe lililoanzisha yote. Ndani ya seli za DFSP, kromosomu ya 17 na ya 22 zimebadilishana vipande. Jeni ya kutengeneza kolajeni imeshonwa na jeni ya kutoa ishara ya ukuaji. Sasa, seli za ngozi hutengeneza kolajeni karibu kila wakati, kwa hiyo ishara ya "kua, kua" haizimiki kamwe. Kulijua kosa hilo kumeleta tiba: dawa ya imatinibu, ambayo ilianza na saratani ya damu, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006 kwa DFSP isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji au iliyosambaa.

Usiogope kupita kiasi lakini. DFSP ni nadra kusambaa hadi viungo vingine, na wengi hupona ikiondolewa vizuri. Kuondolewa vizuri kunamaanisha daktari akate sentimita 2 hadi 3 za ngozi inayoonekana nzima kuzunguka uvimbe, na ashuke chini pia. Hakuna daktari atakayekukata kiasi hicho kwa sababu ya keloidi. Ndiyo maana jina la ugonjwa linatangulia kisu kikubwa. Ukikosea jina, umekosea upasuaji.

Safari ya kinyama

Tuseme kinyama chako hakikutupwa. Kinapitia nini?

Kwanza, kinawekwa kwenye chupa ya fomalini, mara moja, palepale chumba cha upasuaji. Fomalini ndiyo inayozuia nyama kuoza na seli kuvunjika. Inafaa iwe nyingi, karibu mara kumi ya ukubwa wa nyama yenyewe, kwa sababu inapenya taratibu, karibu milimita moja kwa saa. Kinyama kikubwa kilichobanwa kwenye kichupa kidogo kinaoza katikati huku nje kikionekana poa. Maji hayafai, na ukitumia maji ya chumvi ili "utafute fomalini kesho", unamtumia mwanapatholojia uji.

Chupa inabandikwa jina lako, na pamoja nayo inaenda fomu. Fomu hii watu huidharau sana. Mwanapatholojia hakuoni. Hajui kama nyama ilitoka kwenye paja la mtoto au kwenye shingo ya mzee, kama imekaa wiki mbili au miaka minane, kama iliwahi kukatwa ikarudi. Na majibu yanategemea hayo. Fomu iliyoandikwa tu "uvimbe" ni kama kumpigia fundi simu ukamwambia gari limeharibika, kisha ukakata.

Maabara, kinyama kinapimwa kwa rula, na kingo zake zinapakwa wino. Wino ni wa kazi. Baadaye chini ya hadubini, kama seli za saratani zinagusa wino, ina maana kisu kilipita katikati ya ugonjwa na mabaki yako bado ndani yako. Kama kuna nafasi safi kati ya seli hizo na wino, shukuru.

Kisha usiku kucha mashine inazamisha vipande hivyo kwenye pombe kali ili itoe maji, halafu kwenye kemikali ya zaileni ili itoe pombe, halafu kwenye nta iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi kama 60 hivi. Asubuhi nyama yako iko ndani ya kibonge cha nta, kama mshumaa mfupi. Fundi wa maabara anakikata kwa kisu maalum, vipande vyenye unene wa maikromita 3 hadi 5. Unywele wako mmoja una unene wa mara kumi na zaidi ya hapo. Kipande kinaelea juu ya maji ya vuguvugu kama utando wa maziwa yaliyochemka, naye anakipakua kwa kioo. Hakuna roboti hapo, ni mkono wa mtu, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuizoea. Sijui kwa nini watu hawa hawasifiwi kama wapishi.

Nyama ikiwa nyembamba hivyo haina rangi yoyote. Inatiwa rangi mbili: hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, inayofanya kiini cha seli kuwa samawati iliyokolea, na eosini inayofanya sehemu nyingine kuwa waridi. Rangi hizo zimetumika kwa zaidi ya karne moja na bado ndizo za kwanza kila mahali duniani. Hapo ndipo mwanapatholojia anainama kwenye hadubini na kuanza kusoma: seli zina umbo gani, zimejipangaje, ngapi zinagawanyika, zimeingia wapi.

Usifikiri anatazama tu na jibu linamrukia. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha zaidi ya aina 100 za uvimbe wa tishu laini, yaani mafuta, misuli, kano, neva na mishipa ya damu. Nyingi ni mpole. Uvimbe mpole wa tishu laini ni mwingi kuliko sarkoma, ambayo ndiyo saratani ya tishu hizo, kwa zaidi ya mara mia moja. Sarkoma ni kama asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima. Kwa hiyo daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi miaka mingi akione kisa kimoja au viwili, na ndiyo maana ni rahisi kimpite.

Kosa la upande wa pili

Usidhani makosa yote ni ya kudharau. Kuna kosa la kuogopa pia, na lina machungu yake.

Kuna uvimbe unaoitwa fasiitisi ya nodula. Unaota kwa kasi, wiki mbili tatu tu, mara nyingi kwenye mkono wa mbele wa kijana. Unauma kidogo. Ukiuweka chini ya hadubini unatisha: seli nyingi, zinagawanyika mbio mbio, zimejaa vurugu. Ulielezwa mwaka wa 1955, na tangu hapo umejulikana kama uvimbe unaojifanya sarkoma. Mtu asiyeujua anaweza kuuita saratani, na mwenye mkono akafanyiwa upasuaji mkubwa bila sababu. Lakini ugonjwa wenyewe unajimaliza. Ukiachwa, mara nyingi unanywea wenyewe. Mwaka wa 2011 ikagunduliwa kwamba nao una jeni iliyokatika na kuungwa vibaya, USP6, na sasa maabara zenye uwezo huitafuta hiyo pale panapokuwa na shaka.

Kwa hiyo ripoti ikikuambia una sarkoma, una haki ya kuomba mtaalamu wa pili aziangalie slaidi zile zile. Huo si utovu wa adabu. Wanapatholojia wenyewe hutumiana slaidi za visa vigumu, na siku hizi slaidi zinapigwa picha nzima na kusomwa na mtu aliye nchi nyingine.

Ngozi nayo ina mambo yake

Si lazima kiwe kinundu. Kuna mtu ana mabaka meupe-meupe kiunoni na mapajani tangu akiwa shule ya upili. Amepaka dawa ya choa, amepaka ya ukurutu, amepaka ile aliyopewa na rafiki bila hata kujua jina. Yanapungua, yanarudi. Mengi ya mabaka hayo ni mambo madogo. Lakini machache huwa maikosisi fungoidesi, ambayo licha ya jina lake haihusiani na kuvu. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye ngozi. Alibert wa Ufaransa aliieleza mwaka wa 1806. Kwenye ngozi nyeusi, na hasa kwa vijana, inaweza kujitokeza kama mabaka yaliyopauka, ndiyo maana inapita bila kutambuliwa.

Hapa biopsi yenyewe inaweza kuhitaji kurudiwa mara mbili tatu kabla jibu halijatoka, kwa sababu mwanzoni chembe mbaya ni chache, zimejipanga kwenye mstari chini ya tabaka la juu la ngozi. Na zile krimu za steroidi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa kama peremende hufuta dalili hizo. Kama umekuwa ukipaka kitu, mwambie daktari kabla hajakukata. Hata kama uliambiwa ni ya kung'arisha tu.

Kipande cha ngozi hutolewa kwa kisu cha duara, kipana kama milimita 4, kinachofanya kazi kama ile panchi ya kutoboa karatasi ofisini. Unadungwa ganzi, kinazungushwa, kinatoka. Uzi mmoja na umemaliza. Kuna jambo moja dogo ambalo huharibu kazi: kwa magonjwa ya malengelenge kama pemfigasi, na mara nyingine lupasi, kipande cha pili hakifai kuguswa na fomalini kabisa. Kinawekwa kwenye maji maalum ili kingamwili zilizonaswa kwenye ngozi zionekane ziking'aa chini ya taa maalum, zimezunguka kila seli kama wavu wa kuku. Ukitia fomalini, mng'ao umekufa, na itabidi ukatwe tena.

Halafu kuna Kaposi. Hii nataka tuiongelee vizuri kwa sababu ya aibu iliyoizunguka. Ilielezwa na Moritz Kaposi huko Vienna mwaka wa 1872. Afrika Mashariki iliijua kabla Ukimwi haujajulikana popote. Mwaka wa 1961 wataalamu walikutana Makerere, Kampala, kuijadili hiyo tu. Mwaka wa 1994 Yuan Chang na Patrick Moore wakagundua virusi vinavyoisababisha, vya familia ya herpesi, vinavyoitwa HHV-8. Watu wenye VVU huipata kwa urahisi zaidi, ndiyo, lakini wasio na VVU pia huipata. Mtu akiwa na madoa meusi au ya zambarau miguuni, mtaa mzima umeshamaliza kesi.

Na si mtaa tu unaokosea. Utafiti uliofanyiwa wagonjwa wa Kenya na Uganda ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila wanne walioshukiwa na wahudumu wa afya kuwa na Kaposi, nyama yao ilikuwa na kitu kingine. Fikiria mtu anaanzishiwa dawa kali za saratani ambayo hana. Kipimo cha kumtoa kwenye shaka ni ile rangi ya hudhurungi tena, safari hii ikitafuta protini ya HHV-8 ndani ya kiini cha seli.

Rada ya hapa kwetu

Sasa mtasema: "Wewe unaongea kama tuko Uingereza." Najua. Wanapatholojia Kenya ni wachache, na wengi wako Nairobi na miji mikubwa kama Eldoret, Mombasa na Kisumu. Kaunti ziko 47. Ukikatwa uvimbe mbali na hapo, chupa yako inaweza kusafiri kwa gari usiku kabla ya kufika kwa mtu wa kuisoma. Vipimo vile vya hudhurungi si kila maabara inavyo, na hulipiwa juu ya gharama ya kwanza. Vile vya jeni ni vichache zaidi.

Mimi mwenyewe nilitolewa kauvimbe begani kwenye kliniki moja ya mtaani. Nilipouliza kinaenda wapi, aliyenikata alishangaa kana kwamba nimeomba kukibeba nyumbani. "Hii ni mafuta tu, kijana." Nikasisitiza, akaniambia nitaongeza doo. Nikaongeza. Majibu yalipotoka yalikuwa mafuta tu, kama alivyosema. Sijutii hata senti moja, kwa sababu sasa najua, na kujua si sawa na kuambiwa.

Kwa hiyo kabla hujalala kwenye kile kitanda, uliza mambo machache. Nyama itapelekwa maabara? Maabara gani? Ni pesa ngapi, na SHA italipa sehemu yake au ni ya mfukoni? Nani ataniita majibu yakifika, au nije mwenyewe? Liulize hilo la mwisho vizuri sana, kwa sababu ripoti zinazokaa kwenye droo bila mwenyewe kuitwa si hadithi ya kubuni.

Na kuna uvimbe ambao hufai kukubali ukatwe kliniki ya mtaani hata kwa bei ya bure. Ukiwa umezidi sentimita 5, yaani mkubwa kuliko limau la kawaida. Ukiwa unakua. Ukiwa ndani, chini ya misuli, hausogei ukiusukuma. Ukiwa uliwahi kutolewa ukarudi. Huo unahitaji picha kwanza, halafu sindano nene ya kuchukua sampuli, na inafaa ipangwe na daktari yule yule atakayekufanyia upasuaji, kwa sababu njia ya sindano nayo itabidi ikatwe kama ugonjwa ni sarkoma. Mtu akiupasua ovyo, anamwaga seli mahali ambapo hazikuwa, na upasuaji uliokuwa wa kuokoa mguu unageuka wa kuukata. Omba barua ya rufaa hadi hospitali kubwa, Kenyatta au Moi kule Eldoret au yoyote iliyo na wataalamu hao, na uibebe mwenyewe.

Ripoti ikitoka, itakuwa kwa Kizungu kigumu. Usiikunje tu ukaitia kwenye begi. Mwambie daktari akusomee jina la ugonjwa, akuambie kama kingo ziko safi, na kama kuna kipimo kilichopendekezwa ambacho hakijafanywa. Piga picha ya kila ukurasa na simu yako, hasa ile namba ya maabara iliyo juu kabisa.

Namba hiyo itunze, kwa sababu kile kibonge cha nta hakitupwi baada ya kusomwa. Maabara hukihifadhi kwa miaka. Uvimbe ukirudi, au daktari mpya akitilia shaka jina ulilopewa, kinaweza kutolewa kabatini, kikakatwa kipande kipya, kikapimwa kwa njia ambayo haikuwepo siku ulipokatwa. Ukihama mji au hospitali, nenda na kitambulisho na namba hiyo, uombe slaidi zako na kibonge chako. Watakupa fomu utie sahihi.